Siku nane mtaani: kumbukumbu ya mzunguko mmoja wa huduma kwa wanaolala nje

Siku ya 1, Jumatatu. Mchana, mikono mitupu

Saa 4 asubuhi timu inatoka kanisani bila chakula, bila nguo, bila Biblia ya kugawa. Ni watu wawili, daftari moja na penseli, maana wino huyeyuka mvua ikinyesha. Mzunguko wote ni kilomita 2 na nusu. Ukizidi hapo, timu itakuwa inapita tu, na mpita njia hafahamiki.

Kazi ya leo ni kusoma alama. Maboksi yaliyokunjwa na kuchomekwa nyuma ya ukuta, blanketi iliyofungwa juu ya mti, majivu ya moto wa jana, mabaraza mapana ya maduka yanayofungwa mapema, mtaro mkavu, chini ya daraja, upande wa jengo unaotoa hewa ya moto. Kila alama ni kitanda cha mtu. Huduma inayoruka siku hii na kuanza usiku na sufuria hukusanya foleni ya wenye nguvu. Mzee asiyeweza kutembea, mwanamke anayejificha na mgonjwa mwenye homa hawafiki kwenye gari, na timu hurudi nyumbani ikidhani imewalisha wote.

Kwa kila mahali yanaandikwa mambo manne: wanalala wangapi, wanafika saa ngapi, nani anawasumbua au kuwalinda, na maji na choo viko umbali gani. Majina bado. Jina litaandikwa siku mwenyewe atakapolitoa na kuambiwa linaandikwa kwa sababu gani.

Boksi la mtu ni nyumba yake, kwa hiyo hodi inapigwa. Mhudumu anasimama hatua mbili au tatu, upande wa miguu na si wa kichwa, anaita kwa sauti ya kawaida, kisha anachuchumaa ili macho yalingane. Aliyelala haguswi begani. Wengi wamewahi kupigwa au kuibiwa wakiwa usingizini, na anayeshtuliwa kwa mkono huamka akirusha ngumi. Kama ni lazima kumwamsha, ita tena, au gonga chini karibu na nyayo zake.

Kabla ya saa 8 mchana vituo vinachaguliwa: sita, kila kimoja na saa yake. Hapa ndipo huduma nyingi hujiharibia mapema, kwa kutaja vituo tisa na kufika vitano. Mtu anayelala nje ameshaahidiwa na ofisi nyingi, na anahesabu. Afadhali vituo vinne vya uhakika. Saa ikishatajwa, inatimizwa hata kama gari limeharibika na chai inabidi ibebwe kwa miguu. Kwa maoni yetu hilo ni kubwa kuliko chakula chenyewe, na yanayofuata wiki nzima yanategemea hilo.

Siku ya 2, Jumanne. Jikoni, kisha barabarani

Hesabu ya jana imetoa watu 80. Bakuli moja ni mililita 350, hivyo zinahitajika lita 28. Inaongezwa sehemu moja ya tano kwa wageni na wanaoomba mara ya pili, jumla kama lita 34. Maji ya kunywa, nusu lita kwa kila mtu, ni lita 40, yaani kilo 40. Uzito huo usiposambazwa vizuri ndani ya gari, kona ya kwanza inamwaga supu.

Supu ni nzito na laini kabisa. Meno ya wengi mtaani yameoza au yamevunjika, na tunda gumu au mkate mkavu hurudishwa, halafu mgawaji hudhani mtu hana shukrani. Sukari inawekwa pembeni kwa sababu wenye kisukari wapo.

Chakula kinatoka jikoni kikichemka na kinapaswa kubaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi bakuli la mwisho. Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana haraka. Chakula kilichokaa humo zaidi ya saa 2 kinamwagwa, hata kama kinanukia vizuri. Kuhara kwa mtu asiye na choo wala nguo ya kubadilisha ni msiba, usifananishe na kuhara kwa mtu mwenye bafu. Kosa la kawaida ni kubeba sufuria moja kubwa na kufunua mfuniko kila kituo, kwa hiyo kufika kituo cha nne imeshapoa. Dawa yake ni vyombo viwili vya lita 17 vinavyotunza joto, na cha pili hakifunguliwi mpaka cha kwanza kiishe. Kipimajoto cha jikoni kinakaa mfukoni mwa mgawaji.

Jambo moja linalosahaulika: aliyekaa siku 5 au zaidi karibu bila kula asipewe sahani iliyojaa. Mwili uliokauka ukipata wanga mwingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesi hushuka katika damu, na moyo unaweza kushindwa. Apewe vijiko vichache, kisha apelekwe hospitali usiku huohuo.

Mfuko wa kila mtu una soksi jozi 2, sabuni, mswaki na dawa yake, na karatasi ndogo ya saa za vituo. Pedi ziko kwenye mfuko wa pekee anaoshika mhudumu mwanamke, ili zichukuliwe bila kutangazwa. Havibebwi vyombo vya glasi, wala kitakasa mikono chenye spiriti, kwa sababu kuna watakaokinywa.

Saa 1 usiku timu ya watu wanne inaomba pamoja na kuondoka. Dereva habanduki kwenye gari na ufunguo uko mkononi. Mmoja anagawa, mmoja anasikiliza na hana kazi nyingine, mmoja anaangalia saa na kuandika. Kituo kimoja ni dakika 20. Hakuna mahubiri kabla ya chakula. Mwenye njaa ataitikia amina kwa lolote ili bakuli lifike, na amina hiyo si yake. Kwenye Mathayo 25:35 mwenye njaa anapewa chakula, hasailiwi kwanza. Anayetaka kuombewa ataomba, na msikilizaji ndiye huyo amekaa pale.

Foleni ikivunjika na watu wakaanza kusukumana, mfuniko unafungwa, wote wanarudi garini kimya, gari linasogea na kurejea baada ya dakika 15. Kurusha mifuko dirishani ili mambo yaishe ni kosa baya: wenye nguvu huokota, wanyonge huumia, na wiki inayofuata fujo huanza kabla ya gari kusimama.

Siku ya 3, Jumatano. Siku ya miguu

Viti sita, mabeseni sita, taulo, glavu, na maji ya nyuzi 37 au 38. Joto linapimwa kwa kipimajoto, lisikadiriwe na mwenye mguu, kwa sababu kisukari kinaweza kuua hisia za nyayo na mtu akaungua bila kujua. Mguu unakaa majini dakika 10, unaoshwa kwa sabuni laini, unakaushwa hasa katikati ya vidole. Beseni moja ni la mtu mmoja. Likimaliza linasafishwa, halafu linalowekwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10: kipimo kimoja cha dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa vipimo 9 vya maji. Mchanganyiko huo hautumiki kwenye ngozi.

Kuna anayedhani hii ni ishara tu ya Yohana 13, Yesu alipowaosha wanafunzi wake miguu. Ni ishara, na pia ni kliniki. Mwaka 1985 daktari Jim O'Connell alipoanza kutibu wasio na makazi huko Boston, wauguzi wa makazi ya Pine Street Inn walimtaka kwanza aweke kando maswali ya kidaktari na aoshe miguu. Sababu ilikuwa ya kitabibu na ya kibinadamu kwa pamoja. Aliyepiga magoti yuko chini ya anayehudumiwa, hamwangalii kwa juu, na mikono yake ina kazi, kwa hiyo mazungumzo hayana haraka. Mtu aliyekataa hospitali kwa miezi huanza mwenyewe kusema kifua kinambana.

Anayeosha anajifunza kuona. Mguu mweupe, uliokunjamana, wenye ganzi na harufu ni mguu uliokaa na unyevu muda mrefu. Hauhitaji barafu ili kuharibika. Hata nyuzi 16 zinatosha ikiwa soksi haikauki. Unakaushwa, unainuliwa, hausuguliwi wala kuotwa motoni. Kidonda kikubwa kisichouma ni cha kuogopa kuliko kinachouma, maana neva zimekufa. Ngozi nyeusi, mstari mwekundu unaopanda mguuni, homa pamoja na uvimbe: hao wanaondoka na mhudumu kwenda hospitali leo, hawapewi karatasi ya rufaa waende peke yao. Kucha nene za mwenye kisukari hazikatwi na mtu wa kujitolea. Funza wakionekana kwenye kidonda, uso usikunjwe. Funika kwa shashi yenye unyevu na mpeleke kwa muuguzi.

Upele wenye kuwasha zaidi usiku hutibiwa kwa krimu ya permethrin ya asilimia 5, inayokaa mwilini saa 8 hadi 14 na kurudiwa baada ya wiki moja hivi. Nguo na blanketi zifuliwe kwa maji ya moto au zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku 3 au zaidi, la sivyo wadudu wanarudi naye. Chawa wa mwili nao hukaa kwenye mishono ya nguo zaidi kuliko kwenye ngozi. Ndiyo maana kumwogesha mtu na kumrudishia nguo zilezile hakusaidii kitu.

Na kikohozi: kila anayeketi anaulizwa amekohoa kwa muda gani. Wiki 2 au zaidi, apimwe kifua kikuu.

Siku ya 4, Alhamisi. Karatasi

Hakuna picha ya kuvutia ya siku hii, na wafadhili hawaiulizii. Lakini hapa ndipo watu wanapotoka mtaani.

Anayelala nje hupoteza nyaraka kwa wizi, kwa mvua, na kwa operesheni za kusafisha mitaa ambapo mizigo yote hutupwa kwenye lori. Bila cheti cha kuzaliwa hapati kitambulisho, bila kitambulisho hapati laini ya simu, akaunti, ajira rasmi wala chumba. Kazi inaanza kwa kuuliza: ulizaliwa wapi, shule gani ilikuandikisha, kadi ya kliniki ilibaki kwa nani. Mara nyingi shule, kanisa alikobatizwa au hospitali wana kumbukumbu inayoweza kufungua mlango wa kwanza.

Wanafika ofisini kabla haijafunguliwa, wakiwa na maji na kitu cha kula, kwa sababu mtu ambaye hajalala usiku hawezi kuvumilia foleni ya muda wa saa 4 akiwa na njaa. Ataondoka, na itasemwa hana nia. Mhudumu anasimama nyuma yake, si mbele. Akijibu yeye maswali, karani ataacha kabisa kumwangalia mwenye shida. Anayeanza kazi hii ajue safari moja haitoshi. Ajiandae kwa tatu.

Nyaraka zikipatikana, nakala tatu: ya mwenyewe kwenye mfuko usiopenya maji, ya kabati la kufuli kanisani, na ya picha iliyohifadhiwa kwa nywila. Zote kwa ridhaa yake iliyoandikwa, na nyaraka zake halisi anaweza kuzidai siku yoyote bila kueleza kwa nini. Huduma inayozuia kitambulisho cha mtu ili aendelee kuja imegeuka kuwa gereza.

Hapa linakuja suala la chumba, na wahudumu hugawanyika. Wengi wetu tumelelewa kusema: aache pombe kwanza, atulie, halafu apewe mahali. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha huko New York mpango uliogeuza utaratibu huo, chumba kwanza bila sharti la kuacha, na huduma zikimfuata mtu nyumbani kwake. Kanada iliujaribu kati ya 2009 na 2013 katika miji mitano ikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, na waliopewa nyumba kwanza walidumu ndani ya nyumba kuliko waliopata huduma za kawaida. Kanisa lenye vyumba viwili nyuma ya ofisi lifikirie hilo kwa dhati. Ni vigumu sana kuacha chochote ukiwa unalala na jicho moja wazi.

Siku ya 5, Ijumaa. Usiku mrefu

Timu inatoka saa 3 usiku, sanduku la huduma ya kwanza likiwa juu ya chakula na si chini yake.

Pombe kwanza. Mhudumu mwenye moyo mwema humshika mlevi mkono na kusema, mwaga chupa hii sasa hivi, tuombe, umalize leo. Kwa anayekunywa sana kila siku, agizo hilo linaweza kumuua. Kutetemeka na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho, degedege huja mara nyingi ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa kukubwa pamoja na kuona vitu visivyokuwepo huweza kufuata kati ya saa 48 na 96. Omba naye, ndiyo, kisha uliza mambo matatu: unakunywa kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa lini, ulipowahi kuacha ulipata degedege? Akijibu ndiyo kwa la mwisho, kuacha kwake kufanyike hospitalini.

Neno la hatari zaidi usiku huu ni "amelewa tu". Aliyeanguka kichwa, aliyeshukiwa na sukari na aliyepata kiharusi wananuka pombe vilevile kama walikunywa mchana. Kila aliyelala anaangaliwa pumzi. Anayekoroma kwa kukwama analazwa ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke.

Aliyezidisha heroini au dawa za jamii hiyo hupumua polepole mno au haonyeshi dalili ya kupumua, midomo inageuka rangi ya bluu au kijivu, mboni zinakuwa kama ncha ya sindano. Anaitwa kwa sauti, anasuguliwa mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoitika, mmoja anapiga simu ya dharura na mwingine anainua kidevu na kumpulizia pumzi moja kila sekunde 5. Pale sheria inaporuhusu, timu hubeba naloxone, dawa inayozima nguvu ya heroini, ya kupuliza puani: miligramu 4 kwenye tundu moja, subiri dakika 2 au 3, kama hajaamka puliza ya pili kwenye tundu jingine. Huamka na hasira na kichefuchefu, mpe nafasi. Kisha usiondoke. Dawa hiyo hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, na heroini au vidonge alivyotumia vinaweza kudumu zaidi ya hapo, akazama tena wakati gari lako liko kituo kinachofuata. Vituo viwili vikikosa timu kwa sababu hiyo, kesho wanaelezwa sababu, bila kutaja jina.

Sindano zilizotupwa huokotwa kwa koleo, kamwe si kwa vidole, na kifuniko chake hakirudishwi. Zinaingia kwenye chombo kigumu cha plastiki, kinachofungwa kikifika robo tatu.

Siku ya 6, Jumamosi. Watoto

Wahudumu wawili wazima, daima mahali panapoonekana. Mtoto hachukuliwi kwenda kulala nyumbani kwa mhudumu hata usiku wa mvua. Anayeitwa ni ofisi ya ustawi wa jamii au makao yaliyosajiliwa, na namba zao zimejaribiwa kabla, si usiku huo. Picha hazipigwi. Pesa haitolewi, maana mkubwa wa kijiwe anasubiri pembeni kuichukua.

Mtoto anayevuta gundi au petroli asifukuzwe wala kushtuliwa. Kemikali hizo huufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika, na hofu ya ghafla au mbio vinaweza kuusimamisha papo hapo. Kumpokonya chupa kwa nguvu ni kucheza na uhai wake. Kaa chini, ongea, subiri aiweke mwenyewe.

Yeyote aliyebakwa, mtoto au mtu mzima, muda unahesabiwa kwa saa. Dawa za kuzuia VVU zinaanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Asioge kabla ya kupimwa ikiwa anataka kushtaki, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili ushahidi usioze. Aende na mtu mmoja anayemwamini. Usimuulize habari yote. Ataieleza kwa daktari, na kurudia mara tano kunamuumiza upya.

Siku ya 7, Jumapili

Ibada fupi, saa moja na nusu. Mlangoni kuna mahali pa kutunza mizigo kwa namba, kwa sababu asiye na nyumba hawezi kuimba huku akiwaza furushi lake nje. Vyoo viko wazi kabla na baada. Viti vya watu wa mtaani havitengwi nyuma. Hakuna anayeitwa mbele kutoa ushuhuda wa maisha yake, akitaka, atakuja.

Jerry McAuley, aliyewahi kufungwa gereza la Sing Sing, alifungua pamoja na mkewe Maria nyumba ya huduma Water Street, New York, mwaka 1872, na aliyekuwa akiwakaribisha watu mlangoni alijua alichokuwa akikisema. Katika kila timu ya wanne awepo mmoja aliyewahi kulala nje, alipwe kama wengine wanalipwa, na asipangwe Ijumaa usiku katika miezi yake ya kwanza ya kuacha pombe au dawa za kulevya.

Siku ya 8, Jumatatu tena

Daftari linafunguliwa saa 3 asubuhi. Mabakuli 94 badala ya 80, kwa hiyo wiki hii zitapikwa lita 40. Kipimajoto kilisoma nyuzi 58 kituo cha sita. Kituo hicho kitahamishwa kuwa cha tatu. Rufaa tano, tatu zilifika hospitali, mbili zifuatiliwe leo. Soksi ziliisha kituo cha nne.

Kisha wasioonekana. Jina lililokosekana mara moja linawekewa nukta. Likikosekana mara mbili mfululizo, mtu mmoja anapewa kazi ya kuuliza mahali patatu: wodi za hospitali, mahabusu za polisi, na chumba cha maiti. Huko kwa mwisho aende aliyekuwa akimfahamu kwa sura, kwa kuwa wasio na nyaraka huandikwa "hajulikani" na kuzikwa hivyo. Akipatikana humo, huduma inaomba rasmi kumzika, jina lake linasomwa kanisani, na penseli inabadilishwa kwa wino kwenye ukurasa wake.

Leo kuna nukta mbili, na jina moja la kuuliziwa. Saa 4 wawili wanatoka kwa miguu kuelekea kituo cha kwanza. Wa tatu anaelekea hospitali.